Breketi Mbili za Kushoto

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimeamua kuwa mhandisi. Kuanzia asubuhi.

Sababu ni Mama. Jana dada yake mkubwa alimpigia simu. Hawajasemezana miaka na miaka. Ugomvi wao ulianzia kwenye shamba la babu, ukapitia kwenye sufuria moja kubwa, ukaishia mahali ambapo hakuna anayepakumbuka sawasawa, ila wote wawili wana hakika walionewa. Sasa Mama Mkubwa anapasuliwa jicho Jumatatu ijayo. Jicho lenyewe ndilo pekee linaloona. Lile jingine lilistaafu zamani. Kasema kabla ya kisu anataka kumwona mdogo wake uso kwa uso, maana baada ya hapo Mungu ndiye ajuaye ataona nini.

Mama alikata simu. Akapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Kisha akasema atakwenda Jumapili.

Shida ni usafiri. Mama hapandi basi. Mama hutapika basi likiwa bado halijawashwa. Gari dogo vilevile. Duniani chombo kinachokubaliana na tumbo lake ni kimoja: pikipiki yangu. Pikipiki kubwa, ya kizamani, ya watu waliojua kuishi, ina kioo cha mbele cha kukinga upepo na kava la plastiki linalokumbatia taa. Mtaa mzima hakuna ya pili. Mshona nguo, jirani yangu, anasema hakuna ya pili kwa sababu hakuna anayeitaka. Wivu huo. Nimeuzoea.

Ila kioo kinatetemeka. Hilo silikatai. Na kava linakipigia makofi. Mwezi uliopita nilimpeleka Mama zahanati, na aliposhuka alinitazama kama mtu aliyefokewa njia nzima. Leo ameweka sharti. Alilisema polepole, akikunja nguo:

"Siwezi kwenda kupatana na mtu huku meno yananigongana. Kioo kikitulia, naenda. Kisipotulia, mwambie dada yangu kwamba nilitaka."

Nilitaka. Neno dogo, lakini lilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Nikamwambia Mama alale usingizi. Kioo kitatulia kama picha ukutani. Mimi ni kinyozi. Nimesawazisha ndevu za watu huku wakipiga chafya. Nitashindwa na plastiki?

Jumanne, 10 Juni

Siku ya utafiti.

Shule niliiacha pale sayansi ilipoanza kunoga. Lakini nimetembea. Nimeona bandari tatu na mahabusu moja. Mtu aliyetembea anajua kwamba ugonjwa hautibiwi kabla ya kuulizwa unauma wapi. Kwa hiyo nikaiuliza pikipiki.

Kwanza nikaenda nayo barabara ya nje ya mji, peke yangu. Ajabu! Kwenye arobaini, kimya. Kwenye hamsini, kioo kinaanza kutikisa kichwa kama mzee anayekataa posa. Kwenye sabini, kimya tena. Nilirudia mara nyingi hadi wauza maji wa kando ya barabara wakaanza kunipungia mkono. Kwa nini hamsini? Hamsini imekikosea nini kioo? Sikulala mchana kwa kuliwaza hilo.

Nilimweleza mshona nguo. Akasema dawa ni rahisi, nimpeleke Mama kwa sabini. Nikamwambia Mama. Mama akasema mwendo wake ni ule wa mtu anayekwenda sokoni na mayai.

Jioni nikagundua jambo kubwa zaidi. Nilisimamisha pikipiki mbele ya kibanda changu cha kinyozi, injini ikinguruma, nikanyunyiza poda ya ndevu juu ya kava, pale palipo bapa. Nilitaka tu kuona. Basi ile poda ikaanza kutembea. Wallahi ilitembea! Ikakimbia kutoka kingoni, ikakimbia kutoka katikati, ikajipanga mstari mmoja uliopinda, ikatulia hapo kama watu waliokimbilia kivuli. Nikaongeza moto wa injini, ule mstari ukahama. Nikapunguza, ukarudi. Mteja niliyemwacha kitini nusu kichwa akatoka nje na shuka shingoni, naye akainama akatazama. Hakulalamika. Alisema nifanye tena.

Nimekata shauri. Poda inajua palipo na amani. Breketi ya kukishika kioo nitaifunga pale poda ilipokaa.

Mshona nguo anasema ni kinyume: mgonjwa hushikwa pale anaporusha mateke. Huyu mtu hupima hata kivuli chake kabla hajakaa.

Jumatano, 11 Juni

Breketi ni nini? Ni mkono wa chuma. Huku umeshika kitu kinachotetemeka, huku umeshika kitu kisichotetemeka. Basi, hiyo ndiyo siri yote. Ningeivumbua mwenyewe kama nisingetanguliwa.

Dukani wanaziuza, ila si za pikipiki ya enzi ya pikipiki yangu. Muuzaji aliitazama picha kwenye simu yangu, akaniuliza kama iko hai. Nikarudi nyumbani kutengeneza mwenyewe.

Jikoni kuna pawa mbili za aluminiamu. Nyepesi, ngumu, na mwishoni zina tundu tayari za kutundikia. Nani aliyeweka tundu zile kama si majaliwa? Nikakata vichwa, nikabaki na mipini. Nikaikunja kwa goti. Kunjo la kwanza likazidi, nikalirudisha. Likapungua, nikaliongeza. Ikatoka pembe safi kabisa. Nikaifunga pale pale poda ilipokaa.

Nikaenda barabarani. Kioo kilitetemeka kama kawaida yake, ila sasa kilitetemeka pamoja na pawa. Kabla sijafika kwa wauza maji, upawa wa kulia ukakatika kwenye kunjo, tik, kama kijiti cha kiberiti. Wa kushoto ukafuata kwa huzuni. Kumbe aluminiamu haipendi kubembelezwa huku na huku. Jambo la kushangaza: ilipokatika, pale kwenye kunjo palikuwa pa moto. Nilipagusa na ulimi kuhakikisha. Ni kweli.

Chakula cha jioni, mke wangu akauliza pawa ziko wapi. Nikamjibu ziko kazini. Akachukua kikombe cha chai, akatupakulia maharage kwa kikombe. Mapacha wetu wakapenda sana. Kisha akasema, bila hata kupandisha sauti, kwamba Baba Mapacha akigusa sufuria, kinyozi chake kitanyoa kwa meno.

Mama alikuwa hapo. Hakucheka. Aliniuliza tu kama Jumapili bado ipo. Nikasema ipo. Akasema anauliza kwa sababu dada yake alipiga tena simu, akauliza apike chakula cha watu wangapi.

Nimehama nadharia. Amani ya poda ni amani ya woga. Breketi inakwenda pale panaporusha mateke. Wazo hili nimelipata mwenyewe, kichwani mwangu, na mshona nguo hahusiki kwa lolote.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa Mama Cheche. Ni mchomeleaji, anatengeneza nondo za madirisha na vitanda, na anaongea kuliko mashine yake ya kukatia. Nilimweleza habari ya Mama. Akazima mashine, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akasema yeye na dada yake pia walinuniana mwaka mzima kwa sababu ya jiko la mkaa. Akanipa vipande vya chuma bapa vilivyobaki kwenye kazi za watu, akaniazima jiriwa ndogo ya kubania chuma na nyundo, na tundu akanitobolea yeye. Nilimwahidi kumnyolea mumewe bure. Akasema mumewe hana nywele. Nikasema ndiyo maana nimeahidi.

Akaniambia nipime kwanza kwa kipande cha boksi. Nilicheka kwa heshima. Jicho hili linaona nywele moja iliyozidi upande wa sikio. Jicho hili nalo lipimiwe kwa boksi?

Nikaifunga jiriwa kwenye benchi la wateja, nikasogeza pikipiki mlangoni. Breketi ya kushoto ikatoka kwa nyundo chache: kunjo moja kuelekea kwenye kava, kunjo moja kuelekea kwenye kioo, na kajipindo ka kukwepa taa. Ilikaa kama imezaliwa pale. Nilikaribia kutoa machozi.

Ya kulia sasa. Upande wa kulia wa pikipiki ulikuwa umetazama ukuta, siuoni kutoka kwenye benchi. Mtu wa kawaida angetoka nje akageuza pikipiki. Mimi ni kinyozi. Mbele yangu kuna kioo kikubwa cha ukutani, na ndani yake upande wa kulia wote unaonekana vizuri, hadi vumbi. Miaka yote hii kisogo cha mtu nakiona kwenye kioo na nakinyoa bila kosa. Kwa hiyo nikakunja chuma huku nikitazama kiooni. Kunjo, kunjo, kajipindo. Nikalinganisha na upande ule wa kiooni. Sawasawa kabisa, kama mapacha wangu.

Nikaipeleka upande wa kulia. Ikagoma. Nikaigeuza juu chini, ikatazama mbinguni. Nikaigeuza nyuma mbele, ikatazama usoni kwangu. Nikaijaribu kushoto. Ikaingia tuli! Nikawa na breketi mbili za kushoto, nzuri ajabu, na upande wa kulia yatima.

Mshona nguo alikuwa amesimama mlangoni na tepu yake shingoni, sijui tangu saa ngapi. Aliipima breketi ya kwanza. Akaipima ya pili. Akasema kazi safi sana, zinafaa kabisa, ikiwa pikipiki yangu ina pande mbili za kushoto, kama ndala za mlevi.

Hata hivyo jambo lenyewe ni la ajabu, na nimelichunguza hadi giza. Nilipoinua mkono wa kulia, yule wa kiooni akainua wa kushoto. Nikamwinulia mguu. Vilevile. Miaka yote hii nimekuwa nikifanya kazi na mtu mwenye mkono wa kushoto bila kujua, na kazi yake ni nzuri.

Ijumaa, 13 Juni

Breketi ya kulia imepatikana. Nimeikunja nikiwa nimekipa kioo mgongo. Hilo limekwisha, tusilirudie.

Kukaja suala la bolti. Breketi mbili, kila moja inataka bolti mbili nene, na mimi nina moja. Duka la vifaa limefungwa Ijumaa mchana. Ndipo nikalala chali chini ya pikipiki na tochi. Huko gizani, ambako hata mwenye kiwanda hakukumbuka kupiga rangi, kuna bolti nne nene zinazoshika kava na fremu. Bolti nne! Kwa kava la plastiki! Huu ni woga wa wahandisi. Nimeazima tatu. Ile ya nne nimeiacha isimamie zamu.

Sasa tazama kazi. Breketi huku imeshika kioo, huku imeshika kava. Kioo kinalishikilia kava, kava linakishikilia kioo. Hakuna anayeweza kutikisika bila ruhusa ya mwenzake. Ndoa ya kweli.

Nikaenda kwenye hamsini. Kioo? Kimya. Kava? Kimya. Nilipiga kelele ya furaha ndani ya helmeti hadi masikio yangu mwenyewe yakaziba. Ndipo nikatazama vioo vya pembeni. Nikamwona mwendesha baiskeli nyuma yangu, wawili. Vioo vilikuwa vinatetemeka, ambavyo havijawahi kutetemeka tangu vizaliwe. Nikavifunga kwa mpira wa tyubu. Vikatulia. Kibao cha namba kikaanza. Nikakiwekea sponji. Kikanyamaza. Honi ikaanza kulia peke yake, kidogo kidogo, kama mtoto anayedeka. Nikaichomeka kitambaa. Mtetemo ukashuka hadi kwenye kikanyagio cha mguu, ukanipanda goti, ukanifika kwenye jino la mwisho.

Hapo nikasimama kando ya barabara nikafikiri. Kumbe mtetemo haufi! Unahama tu, kama mpangaji. Ukimtoa sebuleni utamkuta jikoni. Je, kitu chochote duniani huwa kinaisha, au kinahamia kwa jirani? Wauza maji nao waliona swali ni zuri. Mmoja alisema hasira za mke wake ndivyo zilivyo.

Jino ni langu, si la Mama. Mpangaji abaki hapo hapo.

Mshona nguo hakuamini. Tumewekeana dau. Kioo kikitetemeka njiani Jumapili, nitaning'iniza suruali zake za kuuza mlangoni pangu mwezi mzima. Kisipotetemeka, yeye atakata nywele mtindo nitakaouchagua. Tayari ninao kichwani. Una mistari.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya ukaguzi.

Mama alikuja kinyozi asubuhi kabla ya wateja. Akaniamuru niwashe. Nikawasha, nikaongeza moto hadi dirisha la mshona nguo likaanza kuimba. Mama akaweka kiganja kwenye kioo cha pikipiki, akafumba macho. Alisimama hivyo kwa muda mrefu. Mke wangu alikuwa amefika, Mama Cheche amefika, mshona nguo ameshika tepu kwa mikono miwili. Mtu anayempima mtoto homa ndivyo anavyosimama.

Akafumbua macho. Akauliza nimefanya nini. Nikamweleza: mikono ya chuma, kunjo, kajipindo, siri ya poda. Akasema hakuuliza yote hayo. Kisha akasema nije nimchukue kesho mapema, kabla ya jua, na akaondoka haraka kama mtu anayeogopa kubadili nia.

Nilijua nimeshinda. Ila kuna jambo liliniondolea raha kidogo.

Mchana nilitoka kununua sabuni, nikarudi kwa mlango wa nyuma. Mama alikuwa amerudi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, peke yake, anajitazama kwenye kioo kikubwa. Alikuwa anajisemesha. Kwanza alisema, shikamoo dada. Akatikisa kichwa; naona aliona amejishusha mno. Akasema, hujambo. Akakunja uso, hilo liko baridi. Akajaribu kutabasamu bila neno, akaacha. Akasema, nimekuja. Tena: basi, nimekuja. Akashika mashavu yake mwenyewe, akayavuta kuelekea masikioni, kama anatafuta uso aliokuwa nao zamani.

Nilirudi nyuma taratibu, nikaingia upya kwa mlango wa mbele nikipiga mluzi mkubwa. Nikamkuta anapangusa kiti kwa kanga yake. Nikamwuliza kama anataka nimkate nywele. Akasema mimi na makasi tukae mbali naye.

Mimi nilidhani safari hii ni ya kioo. Nimekaza nati zote tena. Zinazoonekana.

Jumapili, 15 Juni

Naandika kwenye kibaraza cha Mama Mkubwa. Nieleze kwa mpangilio, maana mpangilio ndio uliovunjika.

Tuliondoka kabla ya jua. Mama nyuma yangu, helmeti ya mke wangu kichwani, mkoba mapajani. Kwenye arobaini, kimya. Kwenye hamsini nikashika pumzi. Kimya! Kioo kilikuwa wima kama askari wa gwaride. Nilimwuliza Mama kwa sauti kama anahisi chochote. Alinijibu nitazame mbele. Lakini nilimsikia, nyuma ya sikio langu, anajaribu maneno yake. Shikamoo dada. Basi, nimekuja. Njia yote hadi mlimani.

Tulikwishaacha lami. Kwa Mama Mkubwa palionekana, bati jekundu kule juu, na kati yetu na bati kuna mpando mmoja na tuta la kukatia maji. Nililipanda tuta lile kwa adabu zote. Mwendo wa mayai. Gurudumu la mbele likapanda, likashuka. Na mbele yote ya pikipiki, kioo na kava kwa pamoja, ikanyanyuka taratibu, kama mtu anayevua kofia kumsalimu mkubwa, ikageuka, ikaketi mapajani mwangu.

Bolti ya zamu ilikuwa imechoka.

Waya ukakatika, injini ikazima, tukasimama pale pale. Hakuna aliyeumia. Upepo wa mlima ukanipiga usoni moja kwa moja, na mdudu mmoja akaingia mdomoni, nikammeza kwa sababu sikujua la kusema. Mama alishuka. Akavua helmeti. Akatazama taa inayoning'inia, akanitazama mimi niliyekumbatia kioo. Nilingoja. Nilijua sasa atageuka arudi kwa miguu, na yule wa juu atabaki na sufuria ya chakula na jicho lake moja. Jambo moja tu niliahidi duniani.

Mama akasema, "Basi, kimetulia."

Akaninyang'anya kioo na kava lake. Alisema nisukume pikipiki, yeye atabeba hicho. Nilikataa, akanipa jicho ambalo hulijibu. Akalikumbatia lile dude mbele yake, kioo kikamfunika kutoka kiunoni hadi kwenye paji la uso, akaanza kupanda mlima akitazama njia kupitia kioo. Mimi nyuma, nasukuma, natoka jasho.

Mama Mkubwa alikuwa uani kwenye kiti, ameweka mkono juu ya jicho lake kukinga jua. Alisikia nyayo. Akasimama nusu. Alitazama kwa muda, akainamisha kichwa upande huu na upande huu, kama kuku anayetazama punje asiyoifahamu. Mama akasimama hatua chache mbele yake. Kati yao kioo. Nikiwa nimefika ubavuni, niliona midomo ya Mama inacheza nyuma ya kioo, na nikajua maneno yote aliyoyajaribu kwenye kiti cha kinyozi yamemkimbia.

Ni Mama Mkubwa aliyeanza.

"Ulisema mlango wangu hutaupita tena. Haya, naona umekuja na dirisha lako."

Mikono ya Mama ilikuwa inatetemeka, na kioo pamoja nayo, kidogo kidogo, na kile si kitu ambacho breketi yoyote ingekituliza.

"Dada," Mama akasema, "shika upande huu. Zito."

Mama Mkubwa akaja akipapasa hewani, akapata ukingo wa kava, akashika. Wakalibeba pamoja hadi mlangoni. Mlango mwembamba. Mmoja akasema lilazwe, mwingine akasema lisimamishwe. Wakabishana. Mama Mkubwa akasema huyu tangu utotoni hajui kupitisha kitu mlangoni. Mama akasema huyu tangu utotoni huvuta wakati watu wanasukuma. Ugomvi mpya kabisa, wa leo leo, hauhusu shamba wala sufuria. Walipomaliza kubishana wote wawili walikuwa tayari ndani.

Nilichungulia dirishani. Wameegemeza kioo ukutani. Mama Mkubwa amemshika Mama kidevu, amemsogeza kwenye mwanga, karibu sana, pua kwa pua karibu, anamtazama. Polepole, paji, shavu, shavu jingine, kama mtu anayesoma kitu atakachoulizwa kesho. Akamwambia amezeeka. Mama akamwambia daktari ana kazi kesho, jicho lenyewe halioni vizuri.

Wakacheka. Nikaondoka dirishani. Vumbi la huku ni kali, linaingia machoni.

Jumatatu, 16 Juni

Nimerudi mjini na basi, pikipiki juu ya paa la basi, kioo na kava mapajani mwangu. Safari nzuri. Utingo aliniuliza imekufa lini.

Mama amepiga simu mchana. Upasuaji umekwisha, hapo hospitali ya karibu na kwake, Mama Mkubwa yuko na bandeji, daktari ameridhika. Wameshaanza kubishana na muuguzi, pamoja, upande mmoja. Mama anabaki huko kumwuguza. Nilimsikia Mama Mkubwa kwa nyuma akiuliza kama yule kijana wa madirisha hajambo.

Sasa ripoti ya kitaalamu. Nimekaa nikafikiri kwa uaminifu, bila kujipendelea. Kioo hakikutetemeka hata mara moja. Kilianguka, lakini hakikutetemeka. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtu mwenye elimu lazima ayatenganishe. Breketi zenyewe hazijalegea hata nati. Hadi sasa kioo na kava vimeshikana, Mama Cheche ameshindwa kuvitenganisha kwa spana. Kosa, kama lipo, ni la pikipiki. Haikuwa tayari kwa kazi nzuri kiasi kile.

Mshona nguo halikubali hili. Anadai suruali zake zipate mlango. Nimemdai kichwa chake kwa mistari. Tumekwenda kwa Mama Cheche atuamulie. Akacheka hadi akavua miwani, akasema tutashiriki hasara. Kwa hiyo mlangoni pangu kuna suruali moja, na yeye ana mstari mmoja, upande wa kushoto. Ametoka mzuri, hata yeye ameona.

Mke wangu anasema sasa nimejifunza. Nimemwambia, sana. Nimejifunza sana.

Jioni Mama amepiga tena. Bandeji ikitoka, Mama Mkubwa atakuja kupumzika kwetu, wiki nzima, pamoja naye. Nikafurahi. Kisha akasema tatizo: tumbo la Mama Mkubwa ni ndugu wa tumbo lake. Basi halipandi. Gari dogo halipandi. Akaniambia nisihangaike, watatafuta njia, watakuja hata kwa miguu wakipumzika. Nisiguse kitu chochote.

Watu wazima wawili. Kiti cha nyuma kimoja. Je, mtu huwa anaketi wapi hasa, nyuma au pembeni? Hili ni swali zuri, na sidhani kama kuna aliyelichunguza vizuri.

Mama Cheche ana toroli la kubebea mchanga, limelala nyuma ya karakana yake bila kazi. Nimekwenda kulitazama. Lina gurudumu tayari, zima kabisa. Mtu mzima anaenea akikunja magoti; nimemjaribisha mke wangu, yeye akidhani ninamtania. Likikaa ubavuni mwa pikipiki, kwa jicho langu linatoshana kabisa na ekzosi.

Kilichobaki ni breketi tu.